Tunawaenzi wafiadini waliokufa kwa ajili ya maskini, ila tunaficha kilichowaua

#1
Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie baadaye maana hili jambo nimelala nalo nimeamka nalo siku kadhaa sasa.

Nilihudhuria ibada ya kumkumbuka Askofu Mkuu Óscar Romero wa El Salvador, Amerika ya Kati. Maandalizi yalikuwa ya heshima kabisa, mishumaa, picha yake mbele, kwaya imejipanga, alafu akasimama msomaji wa historia yake akasoma alizaliwa lini, alipewa upadri lini, akafika mwisho akasema "aliuawa akiadhimisha Misa tarehe 24 Machi 1980 na watu wasiomjua Mungu". Akakunja karatasi akaenda kukaa. Basi, imeisha. Mbele yangu alikaa mtoto wa kama miaka kumi hivi na nikawa najiuliza huyu mtoto anaondoka hapa anajua nini? Si atadhani ni majambazi tu walivamia kanisa!

Ngoja niseme kilichorukwa.

Romero alipewa uaskofu mkuu wa San Salvador Februari 1977 na matajiri wa nchi ile walifurahi kweli kweli, walimuona mtu wa vitabu, mpole, hatawasumbua. Nchi ilikuwa mikononi mwa familia chache wenye mashamba ya kahawa na miwa na pamba, watu walikuwa wanaziita "familia kumi na nne", na mkulima wa kawaida alikuwa kibarua kwenye ardhi ambayo babu yake aliilima kama yake. Akidai ujira anaitwa mkomunisti, na ukishaitwa mkomunisti maiti yako inaokotwa barabarani.

Wiki tatu hazijafika tangu ashike kiti, tarehe 12 Machi 1977, rafiki yake Padre Rutilio Grande, Myesuiti (mtawa wa Shirika la Yesu), alikuwa anatoka Aguilares kwenda El Paisnal kuadhimisha Misa. Njia inapita katikati ya mashamba ya miwa. Kwenye gari alikuwa na mzee Manuel Solórzano, umri umepita 70, na kijana mdogo anaitwa Nelson Rutilio Lemus, pamoja na watoto watatu waliopewa lifti. Wakamiminiwa risasi. Wale watoto watatu wakaachwa wakimbie, wengine wote watatu wakafia pale pale. Inasimuliwa yule mzee Manuel alikutwa kama mtu aliyejaribu kumkinga padre kwa mwili wake. Mzee wa miaka 70 na ushee jamani.

Kosa la Rutilio lilikuwa nini? Aliwafundisha vibarua wa miwa kusoma Biblia kwa vikundi, na mtu akishasoma kwamba Mungu alisikia kilio cha watumwa kule Misri anaanza kuuliza na kilio changu mimi je. Alikuwa anahubiri kwamba dunia ni meza moja ndefu na kila mtu ana kiti chake. Mwezi mmoja kabla ya kuuawa alihubiri pale Apopa kwamba Yesu mwenyewe angekuja mpakani mwa nchi ile wangemkamata.

Usiku ule Romero akaenda Aguilares akakuta miili mitatu imelazwa kanisani imefunikwa mashuka, wakulima wamejaa wanamtazama yeye. Hakuna aliyemwambia kitu ila unaelewa wale watu walikuwa wanamuuliza nini kwa macho. Tangu siku ile akabadilika, au kama wengine wanavyosema hakubadilika ila alielewa. Jumapili iliyofuata, tarehe 20, akafuta Misa zote za jimbo zima ikabaki moja tu, kanisa kuu, tajiri na maskini waje wasimame pamoja mbele ya kifo kile. Na akasema hatahudhuria shughuli yoyote ya serikali mpaka kesi ichunguzwe. Haikuchunguzwa na yeye hakuhudhuria, hata rais mpya alipoapishwa.

Alafu ikaja redio. Kila Jumapili mahubiri yake yalirushwa na redio ya jimbo, YSAX, na baada ya kufafanua Injili alikuwa anasoma majina. Fulani kauawa kijiji fulani, fulani kachukuliwa usiku hajaonekana, mama yake anamtafuta. Magazeti hayakuandika, yeye anasoma. Ile mitambo ililipuliwa kwa mabomu wakaitengeneza wakaendelea. Tarehe 23 Machi 1980 akawageukia askari wenyewe, akawaambia nyie ni watoto wa wakulima mnaua wakulima wenzenu, hakuna askari anayelazimika kutii amri iliyo kinyume na sheria ya Mungu, akamalizia: "Kwa jina la Mungu, na kwa jina la watu hawa wanaoteseka ambao kilio chao kinapanda mbinguni kila siku kwa kishindo zaidi, nawasihi, nawaomba, nawaamuru kwa jina la Mungu: komesheni ukandamizaji!"

Kesho yake jioni, Jumatatu, alikuwa kwenye kikanisa cha Hospitali ya Divina Providencia, hospitali ya wagonjwa wa saratani, ambako ndo alikuwa anaishi kwenye kijumba kidogo. Amemaliza kuhubiri anajiandaa kutolea vipaji, yaani mkate na divai, ikapigwa risasi moja kutokea mlangoni. Moja tu. Ikampata kifuani.

Sasa niambieni, hayo yote unayafupishaje kuwa "watu wasiomjua Mungu"? Tume ya Ukweli ya Umoja wa Mataifa mwaka 1993 ilisema wazi amri ilitoka kwa Roberto D'Aubuisson, ofisa wa zamani wa jeshi na mwanzilishi wa chama kikubwa cha siasa. Na wengi wa wale waliokuwa wanashangilia kifo chake walikuwa wamebatizwa na Pasaka wanakwenda kanisani. Hoja yangu ni hiyo tu. Mfiadini wa maskini ukimuenzi bila kusema maskini walikuwa wanadai nini na nani hakutaka kuwapa, hujamuenzi, umempamba.

#2
Mpita Njia

Mkuu heshima yako ila mimi nina mashaka. Romero alikuwa mtu mwema sikatai lakini hayo uliyoeleza ni siasa, ardhi, mishahara, jeshi. Mfiadini ni yule anaambiwa mkane Kristo anakataa anauawa. Huyu hakuna mtu alimwambia amkane Kristo. Tukianza hivi kila mwanaharakati atakuwa mtakatifu.

#3
mwanakwaya

Asante mleta uzi nimesoma mpaka mwisho machozi yananilenga hapo kwa mzee Manuel. Sijawahi kusikia hilo jina maisha yangu yote na mimi Romero nimemuimba miaka.

#4
Mleta uzi

@Mpita Njia hoja yako ni ya haki na wala si wewe wa kwanza, hiyo hoja ndo iliyokwamisha kesi yake ya kutangazwa mtakatifu kule Roma miaka na miaka. Kanuni ya Kanisa ni kwamba mfiadini lazima awe ameuawa kwa chuki dhidi ya imani, na watu wakawa wanauliza waliomuua si Wakatoliki wenzake, wanachukiaje imani yao wenyewe?

Jibu ni la zamani kuliko El Salvador yenyewe. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliliuliza swali hilo hilo karne ya 13 na mfano aliotoa ni Yohane Mbatizaji. Yohane hakuambiwa amkane Mungu. Alikatwa kichwa kwa sababu alimwambia Herode si halali kumchukua mke wa ndugu yako. Ni suala la tabia ya mtawala, ukitaka liite siasa. Na Kanisa linamheshimu kama mfiadini tangu enzi, kwa sababu tendo lolote la haki linalofanywa kwa ajili ya Mungu ni ungamo la imani. Sasa aliyekataa kunyamaza wakulima wanapochinjwa kwa sababu anaamini Kristo yuko ndani yao, ukimuua kwa hilo umeichukia imani gani kama si hiyo?

Papa Fransisko alilimaliza Februari 2015 akaidhinisha kwamba Romero ni mfiadini, akatangazwa mwenyeheri, hatua moja kabla ya utakatifu, San Salvador tarehe 23 Mei 2015, alafu mtakatifu Roma tarehe 14 Oktoba 2018. Miaka 38 baada ya risasi. Wakulima wa El Salvador walikuwa wanamuita mtakatifu tangu wiki aliyokufa, na hata mazishi yake hawakuruhusiwa kuyamaliza kwa amani, tarehe 30 Machi mabomu na risasi vikaanza uwanjani mbele ya kanisa kuu watu wakakanyagana, makumi wakafa.

#5
Mpita Njia

Hiyo ya Yohane Mbatizaji sijawahi kuifikiria hivyo. Naiwekea akiba niisome vizuri.

#6
mtafuta_ilmu

Mimi ni Muislamu naomba niingie kwa adabu. Kwetu neno ni hilo hilo, shahidi, na maana yake ya asili ni mtu anayetoa ushahidi. Iko hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba jihadi iliyo bora ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu. Sio panga, neno. Na iko nyingine kwamba anayeuawa akilinda mali yake ni shahidi, kwa hiyo yule mkulima mwenyewe anayeuawa kwa kukataa kunyang'anywa shamba lake yumo, hasubiri mpaka awe sheikh. Nimesoma huyo askofu alivyokuwa anasoma majina redioni nikasema huyu mtu alikuwa anatoa ushahidi kwa maana kamili ya neno.

Ila nina swali. Mbona katika dini zote wanaokumbukwa ni viongozi? Hao wakulima wenyewe mnawaweka wapi?

#7
Mleta uzi

@mtafuta_ilmu Mungu akubariki ndugu yangu, umegusa hasa nilipokuwa nataka kufika.

Usiku wa tarehe 16 Novemba 1989, San Salvador hiyo hiyo, askari wa Atlacatl, kikosi cha jeshi la nchi, waliingia UCA, chuo kikuu cha Wayesuiti, wakawatoa Wayesuiti sita nje wakawapiga risasi. Ignacio Ellacuría aliyekuwa mkuu wa chuo, Ignacio Martín-Baró, Segundo Montes, Amando López, Juan Ramón Moreno na Joaquín López y López. Ni watu wasomi haswa. Walikuwa wanachunguza nani anamiliki ardhi, wananchi wanafikiri nini kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokuwa vinaendelea, wakimbizi wako wangapi, na wanachapisha. Dunia nzima ikawalilia na ni haki yao.

Lakini miili ilikuwa minane. Wawili walikuwa Elba Ramos, mpishi, na binti yake Celina, miaka 16. Hawakuwa hata wanaishi ndani ya nyumba ile. Mapigano yalikuwa yamepamba moto mjini, walikokuwa wanalala risasi zinasikika karibu, wakaomba wajisitiri kwa mapadri maana palionekana ni salama zaidi. Askari walikuwa na amri ya kutoacha shahidi. Asubuhi Elba alikutwa amemkumbatia mwanae, na aliyewakuta ni mume wake Obdulio, baba wa Celina, aliyekuwa mtunza bustani hapo chuoni. Baadae pale pale nyuma ya nyumba, kwenye majani yaliyolowa damu, Obdulio alipanda mawaridi.

Mimi nikifikiria kuenzi naona mikono ya Obdulio kwenye udongo. Hakuandika kitabu wala hakujenga mnara. Alipanda akamwagilia.

Na sasa angalia tunavyosema, watu wengi na vitabu vingi: "Wafiadini sita Wayesuiti". Sita! Hapo ndo nakasirika, nisameheni. Mapadri waliuawa kwa sababu walikuwa upande wa maskini, alafu maskini wawili waliouawa nao wanakuwa "pamoja na mpishi na bintiye", bila majina. Yaani aliyekufa kwa ajili ya maskini anapata jina, maskini mwenyewe anapata cheo cha kazi.

#8
katekista mstaafu

Vijana mmeniamsha. Nimefundisha wakatekumeni, watu wanaojiandaa kubatizwa, zaidi ya miaka thelathini na nakiri Elba na Celina sikuwahi kuwataja hata mara moja, niliwataja mapadri tu. Mleta uzi niseme na jema pia. Tarehe 22 Januari 2022 Kanisa lilipomtangaza Rutilio Grande kuwa mwenyeheri halikumtangaza peke yake. Manuel Solórzano na Nelson Lemus walitangazwa siku hiyo hiyo, walei, yaani si mapadri wala watawa, mmoja mzee mmoja kijana, pamoja na Padre Cosme Spessotto, Mfransiskani. Kwa hiyo leo ni halali kabisa kusema Mwenyeheri Manuel utuombee. Hilo ni jambo kubwa.

#9
Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu, asante kwa kunirekebisha, ni kweli na nilipaswa kulisema mwenyewe. Kanisa pale lilifanya vizuri mno.

#10
msomaji kimya

Huwa sichangii ila hapa imebidi. Naongeza mmoja wa karibu na lugha yetu, Floribert Bwana Chui, wa Goma, Kongo. Huyu hakuwa padri wala mtawa, alikuwa kijana ofisa wa serikali kwenye ukaguzi wa bidhaa mpakani, na alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki, anawasaidia watoto wa mtaani kusoma. Ikaja shehena ya chakula kilichoharibika wakataka aipitishe, wakampa hela akakataa, wakaongeza akakataa, vikaja vitisho. Hesabu yake ilikuwa nyepesi tu, hiki chakula nikikipitisha nani atakula? Si hao hao maskini ninaokaa nao? Julai 2007 akatekwa, akapatikana amekufa na mwili una alama za mateso. Alikuwa ametimiza miaka 26 mwezi mmoja tu kabla. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri pale Roma.

Namleta kwa sababu mleta uzi umesema tutaje kilichowaua. Kilichomuua Floribert ni muhuri. Alikataa kugonga muhuri kwenye karatasi. Mimi pia nafanya kazi ya mihuri na karatasi, siendelei zaidi ya hapo, ila picha yake iko mezani kwangu na kuna siku inanitazama vibaya.

#11
mwanakwaya

Msomaji kimya komenti yako nimeisoma mara tatu.

#12
Mpita Njia

Narudi. Nimekuwa nasoma. Sista Dorothy Stang, Brazili, tarehe 12 Februari 2005 kule Anapu jimbo la Pará, bibi wa miaka 73 anapigwa risasi sita njiani msituni kwa sababu alikuwa anawatetea wakulima wadogo wasifukuzwe na wenye ranchi za ng'ombe. Inaelezwa walipomuuliza kama ana silaha akatoa Biblia akasema silaha yangu ndo hii, akaanza kuwasomea zile Heri za Yesu, "heri walio maskini". Aliyelipia mauaji akaja kuhukumiwa, baada ya kesi kuzunguka mara kadhaa. Swali langu sasa limegeuka, mleta uzi. Kwa Romero kuna mtu alifungwa?

#13
Mleta uzi

@Mpita Njia hakuna. El Salvador walipitisha sheria ya msamaha mwaka 1993 siku chache tu baada ya ripoti ya Tume ya Ukweli kutoka, mafaili yakafungwa. Mahakama ya Juu ya nchi ikaja kuifuta sheria ile mwaka 2016 na kesi ya Romero ikafunguliwa upya mwaka uliofuata, ila mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani nchini kwao. Kwa wale wa UCA, kanali wa zamani mmoja, Inocente Montano, alihukumiwa Hispania mwaka 2020 miaka 133 kwa kuwaua wale mapadri waliozaliwa Hispania.

Na angalia hapo tena. Mahakama ya Hispania ilishika kesi kwa sababu watano kati yao walikuwa na asili ya Hispania. Elba na Celina ni watu wa El Salvador, wakabaki kusubiri mahakama za kwao.

Huku uwanja wa ndege wa nchi ile unaitwa kwa jina la Romero tangu 2014. Sipingi, ni heshima. Umoja wa Mataifa nao waliifanya tarehe 24 Machi kuwa Siku ya Kimataifa ya Haki ya Kujua Ukweli, kwa sababu yake, na hiyo naipenda zaidi maana imeshika kitu alichokuwa anakifanya kila Jumapili.

#14
mtafuta_ilmu

Ahsante kwa jibu. Haki ya kujua ukweli, hilo hata kwetu ni dua.

#15
katekista mstaafu

Sasa mleta uzi tuambie tufanye nini, maana kulalamika tu hakutoshi. Nina kikundi kidogo cha vijana, tarehe 24 tunataka kusali. Usiniletee mambo makubwa, hatuna fedha.

#16
Mleta uzi

Mzee wangu haihitaji hela. Nitaeleza kitu wanachofanya wenyewe kule Amerika ya Kusini na ya Kati, tukichukue kama kilivyo. Mmoja anasimama anasoma jina, na watu wote wanajibu kwa sauti "Presente!", maana yake yupo, yuko hapa na sisi. Jina linalofuata, tena yupo. Hakuna maelezo marefu. Ila mimi nashauri baada ya kila jina muongeze sentensi moja tu, alikuwa anadai nini au alikataa nini. Rutilio, alitaka vibarua wa miwa waisome Biblia wenyewe. Floribert, alikataa kupitisha chakula kibovu. Sista Dorothy, alitaka wakulima wadogo wabaki kwenye ardhi waliyopewa. Sentensi moja, sio mahubiri, mtoto wa miaka kumi aishike kichwani aondoke nayo.

Na wasomaji wawe vijana wenyewe sio viongozi. Mpishi asomwe na anayepika siku hiyo kama yuko tayari.

#17
mwanakwaya

Naomba nisome Elba. Mimi ndo nawapikiaga wanakwaya kwenye semina zetu.

#18
Mpita Njia

Na mimi nitakuwepo kwa mbali, huku niliko. Saa ngapi mnaanza mzee?

#19
katekista mstaafu

Jioni, saa kumi na mbili na nusu, karibu na wakati aliouawa Askofu. Mleta uzi niandikie majina yanavyotamkwa vijana wasije wakayavunja.

#20
Mleta uzi

Haya mzee, haya hapa kwa matamshi yetu:

Rutilio Grande: Rutilio Grande, kama ilivyoandikwa.
Manuel Solórzano: Manuel Solorsano, kaza sauti kwenye LOR.
Nelson Rutilio Lemus: Nelson Rutilio Lemus.
Óscar Romero: Oskar Romero.
Ignacio Ellacuría: Ignasio Eyakuria, zile L mbili ni Y, kaza sauti kwenye RI.
Dorothy Stang: Dorothi Stang.
Floribert Bwana Chui: hilo halihitaji msaada.
Elba Ramos: Elba Ramos.
Celina Ramos: Selina. Tafadhali msimuite "binti wa mpishi", someni Selina, miaka kumi na sita.